Nani Amlipe Wakili? Askari Walemavu wa West Nile na Gharama za Kuidai Serikali

Wanahistoria wakiitaja Koboko humtaja Idi Amin, na wakiitaja Arua hukumbuka 1914, West Nile ilipotoka mikononi mwa Sudani ikaingizwa Uganda. Swali langu ni jingine: askari wa huko aliyerudi na ulemavu, akaishtaki serikali kudai malipo yake na akashinda, wakili wake analipwa na nani?

Zamani swali hili halikuwepo, kwa kuwa hata kesi yenyewe haikuwepo. Wakakwa, Walugbara na Wanubi waliandikishwa Keya, na askari kutoka Uganda walifika hadi Burma katika Vita vya Pili vya Dunia. Lakini kwa sheria ya Kiingereza ya wakati ule, pensheni ya askari ilikuwa hisani ya Mfalme, si deni. Aliyepoteza mguu aliomba, hakudai. Uingereza ilirekebisha sheria ya kuishtaki serikali mwaka 1947, na Uganda ikapata yake ukoloni ukielekea ukingoni. Tangu hapo serikali inashtakiwa kama mdaiwa mwingine, ila mali yake haikamatwi. Mshindi hupewa hati inayotaja kiasi anachodai pamoja na gharama za kesi, halafu anaingoja Hazina. Kwa maoni yangu ile hisani haijaondoka kabisa.

Kanuni ya Uganda ni kwamba gharama hufuata matokeo: aliyeshindwa humlipa aliyeshinda. Lakini msajili wa mahakama hukadiria gharama hizo kwa viwango vilivyowekwa, na kinachopatikana aghalabu ni pungufu ya ankara ya wakili. Tofauti humwangukia mteja. Sasa mfikirie mzee wa Koboko aliyetumikia jeshi la Amin. Mwaka 1979 jeshi lile lilisambaratika, watu wakakimbilia Sudani na Zaire, na aliyevuka mpaka na mtoto mgongoni hakukumbuka kubeba jalada la utumishi. Kuthibitisha namba yake ya jeshi, cheo na jeraha kunataka safari za Arua na Kampala, nakala, viapo, na miezi ya kungoja. Yote haya yana bei kabla ya hukumu. Naye wakili anakatazwa na Sheria ya Mawakili kukubaliana kwamba alipwe pale tu kesi itakaposhinda. Katazo hilo lilikusudiwa kumkinga mteja na tamaa ya wakili. Kwa mzee asiye na shilingi linamkinga hata na mahakama yenyewe.

Kesi maarufu zaidi ya aina hii katika Afrika Mashariki iliamuliwa mbali na West Nile, huko London. Wakenya walioteswa wakati wa Mau Mau, baadhi yao wakiwa wamehasiwa, waliishtaki serikali ya Uingereza mwaka 2009. Tarehe 6 Juni 2013 ilitangazwa kwamba wadai 5,228 wangelipwa; jumla ilikuwa pauni milioni 19.9, fidia na gharama za kesi zikiwa ndani ya kapu moja. Ukigawanya zote unapata kama pauni 3,800 kwa kila mtu, lakini fungu la mzee lilikuwa dogo kuliko hapo, maana mawakili nao walikula humo. Silalamiki, kwani bila wao asingepata hata senti. Kesi ya pili, ya Wakenya zaidi ya 40,000, ilitupwa mwaka 2018 kwa sababu ya muda kupita.

Marekani ilijaribu njia nyingine. Sheria ya 1980 inaitaka serikali ya shirikisho iliyoshindwa imlipie mshindi ada ya wakili, isipokuwa kama msimamo wake kortini ulikuwa na msingi wa kutosha. Katika kesi za mafao ya ulemavu wakili anaweza pia kupata hadi asilimia 25 ya malimbikizo ya mteja. Lakini akipewa ada zote mbili, lazima amrudishie mteja iliyo ndogo. Kipengele hicho kidogo ndicho ningetaka wabunge wa West Nile wakisome.

Katiba ya Uganda ya 1995 inaagiza pensheni ilipwe kwa wakati na ifikiwe kwa urahisi. Anayelazimika kwenda kortini ili agizo hilo litimizwe bado anaanza safari ya Koboko hadi Arua kwa nauli yake mwenyewe.