Hati za Mafunjo na Sura ya Liwali Qurra ibn Sharik: Tatizo la Vyanzo katika Historia ya Jamii ya Kiislamu ya Awali

Sehemu kubwa ya masimulizi ya Kiarabu kuhusu Misri ya karne ya kwanza ya Hijria ilitungwa baadaye. Ibn Abd al-Hakam, aliyesimulia kutekwa kwa Misri, alifariki mwaka 871, zaidi ya karne mbili baada ya majeshi ya Amr ibn al-As kuingia nchini humo. Hati za mafunjo, kinyume chake, ziliandikwa kwa ajili ya haja ya siku ile. Stakabadhi ya Jumada al-Ula mwaka 22 (Aprili 643), inayohifadhiwa Vienna, inaeleza kwa Kiyunani na kwa Kiarabu kwamba askari wa Abdallah ibn Jabir walipokea kondoo 65 huko Herakleopolis, na nyuma yake imeandikwa kuwa kondoo hao wahesabiwe katika kodi. Mshindi anatoa risiti kwa aliyeshindwa, tena kwa lugha ya aliyeshindwa: jambo hilo pekee linatosha kutia shaka dhana kwamba utawala wa awali ulikuwa wa upanga mtupu. (Neno letu karatasi linatokana na qirtas, jina ambalo Waarabu wa Misri waliyaita mafunjo hayo.)

Mgongano wa vyanzo unaonekana wazi zaidi kwa Qurra ibn Sharik, liwali wa Misri kuanzia 709 hadi 714. Wanahistoria walioandika zama za Bani Abbas wanamtaja kuwa dhalimu na fasiki, wakimweka safu moja na al-Hajjaj. Mwaka 1901 zilianza kupatikana barua zake kwa Basilios, mkuu wa wilaya ya Aphrodito. Katika baadhi yake, mkulima amekwenda kwa liwali kudai fedha anazomdai mwenzake. Qurra anaagiza madai yapimwe kwa ushahidi, haki irudishwe ikithibitika, na mdai asidhulumiwe.

Nabia Abbott, aliyechapisha baadhi ya barua hizo mwaka 1938, aliona kwamba zinamsafisha Qurra. Hoja hiyo ina uzito, lakini makala haya hayaikubali yote. Maneno ya haki yanajirudia barua baada ya barua karibu bila mabadiliko, na majina na viwango vya fedha ndivyo vinavyobadilika. Huo ni mtindo wa diwani, nao hauwezi kutumiwa kupima moyo wa mtu. Isitoshe, liwali huyohuyo anadai kwa ukali kodi iliyochelewa, mabaharia wa jeshi la majini, vibarua wa kujenga msikiti wa Damascus, na kurudishwa kwa wakulima waliotoroka vijiji vyao.

Thamani ya barua hizo iko kwingine. Mkulima Mkristo wa Misri ya Juu aliamini kwamba malalamiko yake yangesikilizwa Fustat, na diwani ilikuwa na maneno tayari ya kumjibu. Maana yake, wengi walikwisha kumtangulia. Kuhusu hatima yao, mkusanyiko huu haujibu. Ni wa barua zilizopokelewa Aphrodito. Majibu ya Basilios yalielekea Fustat, kwa hiyo hatuoni humo kama mdai alilipwa.