Jembe la Ifakara na Kesi ya Bi Hawa



Mchele wa Kilombero huku visiwani tunaujua kwa harufu yake tu. Kule Ifakara, mwanamke huupanda, huupalilia, hukaa kwenye dungu kuamia ndege mpaka mavuno. Ndoa ikivunjika, je, jasho lile ni lake?

Sheria ya Ndoa ya 1971 iliitaka mahakama itazame mchango wa kila mmoja: fedha, mali au kazi. Majaji wakagawanyika. Kupika na kulea ni kazi, au wajibu tu wa mke? Mwaka 1983 Mahakama ya Rufani, katika kesi ya Bi Hawa Mohamed na Ally Sefu, ikaamua kuwa kazi za nyumbani nazo ni mchango. Bi Hawa mwenyewe hakupata kitu. Mumewe alikwisha kumpa fedha, na mahakama ikaona amezitumia vibaya. Inatuuma kidogo, maana wengine ndio wanaofaidi kesi yake.

Mawakili wengi wamejazana Dar es Salaam. Ndiyo maana sheria ya msaada wa kisheria ya 2017 ikawatambua wasaidizi wa kisheria, wanaofika mpaka vijijini. Hawasimami mahakamani, ila humweleza mwanamke haki yake na wapi aanzie.

Sheria ile ya 1971 ni ya Bara. Sisi tuna Kadhi wetu. Basi bibi harusi anayevuka maji kwenda kuolewa Ifakara aulize mapema, kabla ya siku ya akdi.