Bei ya umeme wa Muhoroni imo ndani ya metali

Reli ya zamani ilitoka Nakuru, ikapanda milima ya Mau kwa kupitia Njoro, Elburgon na Molo, kisha ikateremka hadi Muhoroni na kumalizikia Kisumu, ilikofika mwaka 1901. Injini za kwanza zilichoma kuni, na Elburgon, mji uliokuzwa na misitu na viwanda vya kupasua mbao, hauhitaji kufundishwa kwamba moto una gharama. Huko chini Muhoroni, kuanzia mwaka 2016, kampuni ya KenGen ilihamishia turbini zake za gesi. Ya kwanza ilianza kazi Kipevu, Mombasa, mwaka 1987 na ya pili mwaka 1999. Zikapitia Embakasi, Nairobi, kabla ya kupelekwa magharibi. Kwa pamoja uwezo wake ni megawati 60 hivi, nazo huchoma mafuta ya taa. Umeme wake ni ghali, na kila anayeulizwa sababu hutaja mafuta. Jibu hilo ni la kweli, ila limeishia njiani. Kiasi cha mafuta kinachohitajika kuzalisha kila uniti ya umeme huamuliwa na joto ambalo vyuma vilivyo ndani ya mtambo vinaweza kulihimili, na historia nzima ya turbini za gesi ni historia ya kutafuta vyuma hivyo.

Kanuni yenyewe ni nyepesi. Hewa husongwa kwa nguvu, huingizwa katika chumba cha mwako, mafuta huwashwa humo, na gesi inayotoka huzungusha mapanga ya turbini. Kadiri gesi hiyo inavyokuwa na joto zaidi, ndivyo mafuta yale yale yanavyotoa kazi zaidi. Mwaka 1939 kampuni ya Brown Boveri ilifunga mjini Neuchâtel, Uswisi, turbini ya gesi ya kwanza ya kuzalisha umeme wa mji. Turbini ilitoa kilowati 15,400, lakini 11,400 kati ya hizo ziliishia kuendesha mtambo wa kusonga hewa, zikabaki 4,000 tu za kuuza. Gesi yake iliingia ikiwa na nyuzi 550 hivi za Selsiasi, kwa kuwa vyuma vya wakati ule havikuruhusu zaidi, na takriban asilimia 17 tu ya nguvu ya mafuta ndiyo iliyogeuka umeme. Chuma kikishikwa na joto kali huku kinavutwa, hurefuka polepole siku baada ya siku hadi kikatike, hata kama hakijakaribia kuyeyuka. Vita Vikuu vya Pili viliharakisha utafutaji wa dawa: mwanzoni mwa miaka ya 1940, huko Uingereza, kampuni ya Henry Wiggin ilitoa aloi za Nimonic, yaani nikeli na kromiamu zilizotiwa titani na alumini kidogo, kwa ajili ya injini za ndege za Frank Whittle. Punje ndogo mno zinazojijenga ndani ya aloi hiyo huizuia isirefuke. Baadaye yakaja mapanga yanayosubiwa yakiwa fuwele moja tupu, na vyumba vya mwako vyenye kuta zilizotobolewa vitundu vya kupitisha hewa baridi na kupakwa kauri. Leo gesi ya turbini kubwa huzidi nyuzi 1,500, ilhali nikeli huyeyuka kwa 1,455. Mitambo hiyo ikiunganishwa na turbini za mvuke hugeuza zaidi ya asilimia 60 ya nguvu ya mafuta kuwa umeme.

Mkazi wa kaunti ya Nakuru ana haki ya kuuliza haya yanamhusu nini, wakati Olkaria, ndani ya kaunti yake mwenyewe, imekuwa ikitoa umeme wa mvuke wa ardhini tangu 1981. Mvuke ulioingia katika turbini za kwanza za Olkaria ulikuwa na nyuzi 150 hivi. Adui wa mitambo ya aina hiyo ni kutu na utando wa silika, wala si kuyeyuka. Hoja hiyo ina uzito, nami naikubali kwa upande wa uzalishaji wa kila siku. Lakini umeme wa Olkaria husafiri mbali hadi magharibi, na turbini za Muhoroni ziliwekwa ili kushikilia nguvu ya gridi ya upande huo. Tena jirani zetu wa Tanzania kwa miaka mingi walitegemea sana turbini za gesi, Ubungo na Kinyerezi, kwa kutumia gesi asilia, ikiwemo ile ya Songo Songo. Na kuna jambo linaloniuma zaidi. Kobalti, ambayo ni kiungo muhimu katika nyingi ya aloi hizi, huchimbwa kwa wingi Katanga, nchini Kongo, kwa watu wanaosema Kiswahili kama sisi. Vita vilipofika Kolwezi, mji wa huko, mwaka 1978, bei ya kobalti ilipanda mara kadhaa, na watafiti wa Marekani, NASA wakiwemo, wakaanza kusaka aloi zinazoihitaji kidogo. Madini yetu yaliyumbisha sayansi ya wengine, nasi tukabaki wanunuzi wa mapanga.

Wapo watakaosema kusubu mapanga hayo ni kazi ya mataifa machache yenye mitaji mikubwa. Ni kweli, na sipendekezi tuanzie hapo. Lakini kuta za vyumba vya mwako hupasuka na kuungua, na hurudishwa kazini kwa kukaguliwa, kuchomelewa na kupakwa upya. Huo ni ufundi unaofundishika. Chuo Kikuu cha Egerton kipo Njoro, mwendo mfupi kutoka Elburgon, na mji wa Nakuru una taasisi za ufundi. Zianze kufundisha metali za joto kali, na KenGen izipe vipuri vilivyochakaa vya Muhoroni viwe vya kujifunzia.