Vumbi la Kwenda Liuli

Ndugu msomaji, kama umezoea habari za watu wanaokatiza jangwa kwa pikipiki, nikuambie mapema: kwetu Mbinga hakuna jangwa. Kuna baridi, kahawa na milima. Wale akina dada wawili wa Kiingereza, Theresa Wallach na Florence Blenkiron, walioondoka London Desemba 1934 na pikipiki ya Panther yenye kigari ubavuni na trela nyuma, wakaivuka Sahara na kufika Cape Town mwaka 1935, hao tuwaachie heshima yao. Mimi nilikuwa na Boxer ya kuazima, chupa ya petroli ya akiba, pampu, na hamu ya kuiona bandari ambayo babu yangu aliitaja mpaka anaingia kaburini.

Babu alikuwa akisema, "Vita ya Mjerumani ilianzia Liuli." Sisi wajukuu tukacheka. Shuleni tulifundishwa Songea: Majimaji ya 1905 hadi 1907, mashujaa walionyongwa 27 Februari 1906, Nkosi Mputa. Hayo tuliyajua kwa kichwa. Ziwa halikuwa na historia. Ziwa lilikuwa na dagaa.

Basi nikaondoka Mbinga alfajiri, koti mbili mwilini. Kutoka mjini kuteremka hadi Mbamba Bay siku hizi ni lami, kilomita 66, na waliopita njia ile enzi za matope wanajua ninachosema. Lakini mimi sikuwa na haraka ya lami. Kila nilipoona njia ya vumbi inachepuka kwenda mashambani, nilichepuka nayo. Mara mbili nikaishia uani kwa watu, nikaamkia, nikaomba radhi, nikageuza.

Huko ndiko utakakoziona ngoro. Wanaume hufyeka majani na kuyapanga mistari inayokatana kama matundu ya wavu. Wanawake huchimba udongo katikati na kuyafukia, hata mlima mzima unakuwa vishimo tupu. Juu ya kingo hupandwa maharage, baadaye mahindi. Mvua inaponyesha maji hunaswa vishimoni na udongo haubebwi. Wamatengo walibanwa milimani na vita vya Wangoni katika karne ya 19, wakalazimika kula kwenye miteremko ambayo mbuzi mwenyewe anafikiria kabla ya kupanda. Hakuna bwana shamba wa kigeni aliyewafundisha hilo. Nasisitiza kwa sababu mbele kidogo nitasema habari za meli, na kwenye habari za meli kila kitu huwa kimefanywa na mgeni.

Ukianza kuteremka, joto linakupokea usoni kama mvuke wa chungu kilichofunuliwa. Koti la kwanza likatoka, la pili likafuata. Halafu kona moja hivi, ziwa! Jamani. Nilizima injini nikakaa kimya. Mbamba Bay nikala ugali wa muhogo kwa mbasa, nikaingia majini hadi magotini. Kwa mkataba ambao Wajerumani na Waingereza walitiliana saini 1 Julai 1890, mpaka ulipitishwa ukingoni mwa maji. Malawi inaushikilia mkataba huo, Tanzania inasema mpaka upite katikati. Kwa hesabu ya akina 1890, basi, nilinawia miguu ng'ambo bila pasipoti.

Toka hapo kuelekea kaskazini, mshikaji, ndipo niliposahau kucheka jangwa. Mchanga! Ukikaza mpini, tairi la mbele linakwenda linakotaka lenyewe. Ukilegeza, linakwenda vilevile. Nilianguka mara tatu, ya tatu mbele ya watoto, ambao walinishangilia. Plagi ikaziba vumbi, nikaikwangua kwa kisu. Cheni ikaruka. Mafuta yakaniingia mpaka kwenye daftari, na daftari lenyewe ndilo nililokuwa nimelijia.

Liuli ipo kwenye ghuba, na kuna mwamba ambao Wajerumani waliuona unafanana na Sfinksi, yule mnyama wa jiwe wa Misri. Wakapaita Sphinxhafen, Bandari ya Sfinksi. Hapo ndipo palipoegeshwa meli yao, Hermann von Wissmann. Fedha zake zilichangwa Ujerumani kwa kisingizio cha kupiga vita biashara ya watumwa. Vipande vyake vikaletwa kwa njia ya mito Zambezi na Shire, na pale penye maporomoko vikapitishwa nchi kavu kwa nguvu za watu. Mwaka 1893 ikashushwa majini.

Sasa, Agosti 1914. Upande wa Waingereza kulikuwa na meli Gwendolen, nahodha wake Rhoades. Wa Wissmann aliitwa Berndt. Walikuwa marafiki, wakikutana wananywa pamoja. Rhoades akapata amri: vita imeanza Ulaya, nenda kaiharibu meli ya Wajerumani. Akaikuta Sphinxhafen imepandishwa nchi kavu kufanyiwa matengenezo. Akapiga mzinga. Berndt, ambaye hakuwa na habari yoyote ya vita, akaingia kwenye mtumbwi akamfuata rafiki yake kwa hasira kumwuliza kama amelewa. Akaambiwa yeye sasa ni mateka. Magazeti ya London yakautangaza ushindi huo wa majini, miongoni mwa ya mwanzo kabisa katika vita nzima. Mei 1915 Waingereza wakarudi kumalizia kazi.

Habari tamu, si uongo. Kila ninapoisoma inasimuliwa kama kichekesho cha wazungu wawili na chupa. Mimi nilicheka pia, mpaka nilipofika pale na kusimama ufukweni badala ya kusimama kwenye sitaha. Ukisimama ufukweni unauliza mengine: boila ile ilikula kuni za nani? Ile mizigo ya vita iliyofuata ilipandishwa milimani na nani, njia zile zile nilizoshindwa na Boxer? Baba yake babu alikamatwa upagazi, akarudi na mguu mbovu hadi mwisho wa uhai wake, na huyo alikuwa na bahati. Wapagazi wa pande zote mbili walikufa kwa makumi ya maelfu, wengi kwa njaa na maradhi. Babu hakuwa akisimulia meli. Alikuwa akisimulia mguu.

Wageni wanaokuja Liuli huonyeshwa kaburi la William Percival Johnson, mmisionari wa Kianglikana aliyetembea mwambao huu kwa miaka mingi na kufariki mwaka 1928. Nilikwenda, nikasimama, ni haki yake. Meli ya misheni iliyozinduliwa mwaka 1901 ilipewa jina la Askofu Chauncy Maples, aliyezama ziwani mwaka 1895. Nayo ilikula kuni.

Jioni, mzee mmoja aliyekuwa akishona wavu alinikaribisha kivulini. Nikamwamkia, nikamweleza safari yangu, nikamwonyesha daftari lenye majina ya Rhoades na Berndt na mafuta ya cheni.

"Mjukuu wangu," akasema, "mama yangu alikata kuni za meli. Yeye na dada yake. Humo yumo?"

"Hayumo, babu."

"Sasa umekuja na kalamu ya nini?"

Akanitajia majina mawili. Nikayaandika chini ya Berndt, kalamu ikikwama kwenye madoa, yeye akinisahihisha herufi. Tulipomaliza akaniuliza kama ile pampu niliyoifunga kwenye keria inafaa kwa baiskeli, maana ya mjukuu wake imelala wiki nzima haina upepo.