Nani Alipe? Gharama za Matibabu Burundi, 1984–2010

Wakazi wa Musaga, kusini mwa Bujumbura, wanalijua vizuri gereza la Mpimba. Lakini mwanzoni mwa miaka ya 2000, maskini wa Burundi aliweza kuzuiliwa hata hospitalini, kwa sababu tu hakuwa na pesa.

Mwaka 1984 serikali ilianzisha kadi ya matibabu, CAM, iliyompa mwananchi wa kawaida huduma kwa bei nafuu. Vita vilivyoanza 1993 viliudhoofisha uchumi, na mwaka 2002 wagonjwa wakatakiwa kulipa gharama zote za matibabu. Aliyeshindwa alibakizwa wodini, pengine kwa miezi, kama ripoti ya Human Rights Watch ya 2006 inavyoeleza. Wengi walikuwa akina mama waliojifungua kwa upasuaji.

Tarehe 1 Mei 2006 Rais Pierre Nkurunziza alitangaza matibabu ya bure kwa watoto chini ya miaka 5 na kwa wanawake wanaojifungua. Wagonjwa walifurika, dawa zikapungua, na malipo ya serikali kwa hospitali yakachelewa. Mwaka 2010 msamaha huo uliunganishwa na mfumo wa kuvilipa vituo kulingana na huduma vilizotoa.

Historia hii inatufunza kwamba matibabu ya bure yana mlipaji wake, na akichelewa, mgonjwa ndiye anayeumia. Tena, baba aliyevunjika mguu hakuwemo katika msamaha ule. Mjadala wa leo kuhusu bima ya afya uanzie hapo: nani atalipa, lini, na nani ameachwa nje?