Mkemia Asiye na Chupa: Picha za Uyeyushaji wa Chuma Buhaya kama Ushahidi wa Historia ya Kemia

Picha ya mkemia ina desturi zake. Mwaka 1885 Albert Edelfelt alimchora Louis Pasteur akiwa amesimama peke yake katika maabara, macho yake yakiwa kwenye chupa aliyoiinua mkononi. Tangu hapo wapiga picha wa Ulaya na Marekani wamelirudia umbo hilo mara nyingi mno, kiasi kwamba mtazamaji akikuta chupa, meza na mtu mmoja anayetafakari, hahitaji maelezo ili ajue kuwa anatazama sayansi. Vitu hivyo vikikosekana, picha hupewa jina jingine. Huitwa picha ya ufundi, ya mila au ya utamaduni, na huhifadhiwa katika kabati jingine.

Makala haya yanachunguza matokeo ya desturi hiyo kwa Buhaya, yaani nchi iliyo magharibi mwa Ziwa Viktoria, kuanzia Kiziba kaskazini, kupita Bukoba na Ghuba ya Kemondo, hadi Kagoma na Muleba upande wa kusini. Hoja yake ni kwamba picha za wazee wa Kihaya wakiyeyusha chuma, zilizopigwa katika nusu ya pili ya miaka ya 1970, ni picha za wakemia wakiwa kazini, na kwamba mwanahistoria anayezisoma kama picha za mila anapoteza sehemu kubwa ya ushahidi uliomo ndani yake.

Inafaa kwanza kutaja kwa ufupi picha za aina nyingine zinazohusu eneo hilohilo, kwa kuwa ndizo zilizozoeza macho. Katika miaka ya 1906 na 1907 Robert Koch aliongoza msafara wa kuchunguza malale uliopiga kambi katika visiwa vya Ssese, upande wa Uganda, na mwaka 1907 kambi ya wagonjwa ilifunguliwa Kigarama, Kiziba. Dawa iliyojaribiwa ilikuwa atoksili, mchanganyiko wenye aseniki, ambao ulipotolewa kwa dozi kubwa uliwapofusha baadhi ya wagonjwa. Uchunguzi wa kemia ya atoksili ndio uliomwongoza Paul Ehrlich na wenzake huko Frankfurt hadi kwenye Salvarsan, dawa ya kaswende iliyoanza kuuzwa mwaka 1910. Kwa hiyo miili ya watu wa ziwani ilikuwa ndani ya historia ya kemia ya dunia tangu mwanzo wa karne ya 20. Lakini katika picha za misafara ya aina hii, anayetajwa kwa jina ni daktari. Waliobeba vifaa, waliowashika wagonjwa na wagonjwa wenyewe mara nyingi hawana majina. Mwaka 1910, mwaka uleule wa Salvarsan, vilichapishwa vitabu viwili vya Kijerumani vinavyohusu maisha ya watu wa nchi hizi: kimoja cha Hermann Rehse kuhusu Kiziba, na kingine cha Franz Stuhlmann kuhusu kazi za mikono na viwanda vya Afrika ya Mashariki. Mgawanyo ukawa umekamilika: aseniki ni kemia, chuma ni kazi ya mikono.

Uyeyushaji wa chuma Buhaya ulififia katika miongo ya mwanzo ya karne ya 20, baada ya chuma cha bei nafuu kutoka Ulaya kuenea. Wahunzi waliendelea kufua majembe kutokana na vyuma chakavu, ila matanuri ya kuyeyushia mtapo yalizimika. Mwanaakiolojia Peter Schmidt, aliyeanza utafiti wake Buhaya mwishoni mwa miaka ya 1960, alifika Katuruka akifuata simulizi za mfalme Rugomora Mahe, anayesemekana kuamuru ujengwe mnara wa chuma wa kufikia mbinguni. Karibu na mti wa Kaiija, ambao jina lake lenyewe linahusishwa na kazi ya uhunzi, alichimbua mabaki ya ufuaji wa chuma ya zamani sana. Baadaye alichimba katika eneo la Kemondo, kusini mwa mji wa Bukoba, na kupata mabaki ya matanuri ya milenia ya kwanza baada ya Kristo. Ili kuelewa matanuri hayo yalifanyaje kazi, yeye na Donald Avery, mhandisi wa Chuo Kikuu cha Brown, waliwaomba wazee waliokumbuka kazi hiyo tangu ujana wao wajenge tanuri na kuyeyusha. Picha zinazojadiliwa hapa zinatokana na kazi hiyo, na filamu ya *The Tree of Iron* ya mwaka 1988 inatokana na utafiti huohuo.

Tanuri lenyewe lilikuwa hivi. Shimo la kina cha takriban nusu mita lilichimbwa na kusiribwa kwa udongo wa kichuguu, unaostahimili moto kuliko udongo wa kawaida. Juu yake ulijengwa ukuta wa umbo la pia, mrefu kuliko mita moja, kwa mabonge ya mavi ya chuma ya zamani na udongo huohuo. Mirija minane ya udongo wa kufinyanga iliingizwa kutoka pande zote, kila mmoja ukiwa na mvukuto wake wa ngozi ya mbuzi, na ncha zake zilifika mbali ndani ya tanuri. Kisha mtapo uliokwisha kuchomwa na mkaa wa miti iliyochaguliwa vilitiwa kutoka juu, na wavukutaji wakaanza kazi ya saa nyingi, wakiimba.

Mhariri wa kitabu akiambiwa achague picha moja, atachagua ya wavukutaji. Ina moshi, ina mwendo na ina migongo inayong'aa kwa jasho. Mtafiti anaona kwamba picha hiyo ndiyo yenye kemia kidogo kuliko zote. Yenye kemia nyingi ni ile ambayo haivutii hata kidogo: wanaume wameinama juu ya shimo wakilijaza matete ya kinamasi na kuyachoma mpaka yawe makaa. Asiyejua anaweza kudhani wanakausha shimo. Kwa kweli wanatandika kitanda cha kaboni. Mkaa unaoungua juu hutoa kaboni monoksidi, ambayo huondoa oksijeni kwenye mtapo. Lakini sehemu ya chuma hubaki imefungwa ndani ya mavi yanayoyeyuka na kudondoka chini. Mavi hayo yakikutana na makaa ya matete, kaboni huendelea kuondoa oksijeni, na chuma ambacho kingepotea hupatikana. Sehemu ya kaboni huingia katika chuma chenyewe na kukigeuza kuwa chuma cha pua, yaani feleji. Matete yakiungua huacha makaa membamba yenye nafasi kati yake, na mavi hupenya humo. Magogo yasingefanya hivyo. Aliyechagua matete alichagua umbo la kaboni, na uamuzi huo, ambao wazee waliurithi na kuutekeleza, unaonekana katika picha kwa yeyote aliyefundishwa kuutazama.

Makala ya Schmidt na Avery katika jarida la *Science* ya mwaka 1978 ilidai mambo makubwa zaidi. Yalikuwamo madai kwamba mirija iliyoingia ndani ya tanuri ilipasha hewa moto kabla haijafika kwenye mkaa, kwamba joto lilipita nyuzi 1,800 za Selsiasi, na kwamba mbinu hiyo ilitumika miaka 1,500 hadi 2,000 iliyopita. Magazeti yaliichukua habari hiyo kwa shangwe. Wataalamu wa madini, miongoni mwao J. E. Rehder na David Killick, walihoji dai la kupasha hewa moto, wakisema kwamba chuma chenye kaboni hupatikana hata katika matanuri ya kawaida. Mjadala huo ni wa halali na haukusudiwi kuamuliwa hapa. Inatosha kusema kwamba madhara yake kwa usomaji wa picha yamekuwa makubwa. Kwa upande mmoja picha zimetumika kama cheti cha ushindi, kana kwamba Wahaya walikuwa wakishindana mbio na Ulaya. Kwa upande mwingine, dai likitiliwa shaka, picha nazo husukumwa kando. Kuhusu matete, mkaa na udongo wa kichuguu, kazi inayoonekana katika picha ni kemia, hewa iwe ilipashwa moto au haikupashwa.

Kuna pingamizi zito zaidi, ambalo mtahini yeyote angelitoa. Wazee hawa hawakuwa wameyeyusha chuma kwa takriban nusu karne. Walifanya hivyo kwa ombi la watafiti, mbele ya kamera na vipimajoto. Je, picha hizo si picha za maigizo? Schmidt mwenyewe ameeleza kwamba kazi haikwenda sawa tangu mwanzo. Wazee walikutana na vikwazo, wakabishana, wakabadilisha, wakajaribu tena kwa vifaa vilivyokuwapo. Mtafiti huyu anaona kwamba hapo ndipo thamani ya picha ilipo. Mwigizaji hurudia jambo ambalo mwisho wake unajulikana. Wazee hawa hawakujua mwisho. Walikuwa na kanuni katika kumbukumbu na malighafi mikononi, na walilazimika kusawazisha viwili hivyo mpaka bonge la chuma lipatikane. Picha hizo zisichukuliwe, basi, kama dirisha la kuonea matanuri ya kale ya Kemondo. Kwa hilo ushahidi ni mabaki ya ardhini. Zichukuliwe kama kumbukumbu ya majaribio yaliyofanyika Buhaya katika miaka ya 1970, yakiongozwa na wazee wenye ujuzi.

Miiko nayo isisahauliwe. Wayeyushaji walijitenga na wake zao wakati wa kazi, tanuri lilichukuliwa kama tumbo la uzazi, na dawa ziliwekwa chini yake. Schmidt na Bertram Mapunda, katika makala yao ya mwaka 1997, wamejadili jinsi mashimo madogo yaliyokutwa chini ya matanuri ya kale yanavyoweza kusomwa kwa mkabala huo. Wapo wanaoona kwamba mambo haya yanaiondolea kazi hiyo sifa ya sayansi. Wasomaji hao wanakumbushwa kwamba Isaac Newton aliandika kurasa nyingi sana za alkemia, na hakuna anayeiondoa picha yake katika vitabu vya fizikia kwa sababu hiyo.

Linabaki suala la mahali pa kuziweka picha. Wanametalujia huchunguza chuma kwa kukikata, kukisugua mpaka king'ae na kukitazama chini ya hadubini. Picha inayopatikana ina chembechembe za chuma na mistari ya kaboni, haina mtu hata mmoja, na kila mtu huiita picha ya maabara. Picha ya wazee wakitandika matete huwekwa kwenye sura ya utamaduni. Zote mbili ni za chuma cha aina moja, na mistari ya kaboni inayoonekana katika ile ya kwanza ilianza kuandaliwa na mikono inayoonekana katika ile ya pili. Katika uorodheshaji unaopendekezwa na utafiti huu, picha hizo mbili zinapewa namba zinazofuatana, chini ya kichwa kimoja cha kemia, na sehemu ya jina la mtendaji inajazwa jina la myeyushaji kabla ya jina la mpiga picha.