Kabla ya Siku ya Kisu

Ukipita Nyeri au Karatina mwezi wa Desemba, shule zifungwapo, huenda ukawaona, msomaji, wavulana watembeao polepole kwa hadhari. Wametoka hospitali kutahiriwa. Kazi ya daktari ni ya muda mfupi, na wiki chache baadaye kidonda hupona. Lakini babu zao wangaliuliza jambo jingine: vijana hawa wamefunzwa nini, na nani aliyewafunza?

Wagikuyu waliiita sherehe hiyo irua, nayo haikuanza siku ya kisu. Kila kijana alikuwa na msimamizi wake, aitwaye mutiiri, wa kumshika siku ya maumivu na kumwelekeza baadaye. Mkesha wake palikuwa na ngoma, kisha wavulana wakashindana mbio hadi penye mti mtakatifu, wakarusha silaha zao za miti juu yake. Aliyetangulia akawa kiongozi wa wenzake. Alfajiri walioga mtoni, na maji ya mlimani, ambayo aliyeyagusa hayasahau, yaliutia mwili ganzi. Waliotahiriwa pamoja walikuwa riika moja, ndugu hata kufa, na riika ilipewa jina la tukio la mwaka ule. Waliotahiriwa wakati wa ndui waliitwa Mutung'u. Ndege ilipoonekana angani, wakawapo akina Ndege. Mwanahistoria asiyeyajua majina hayo hujinyima kalenda nzima.

Jomo Kenyatta, aliyetahiriwa mwaka 1913 karibu na misheni ya Thogoto, aliyaeleza haya katika kitabu chake cha mwaka 1938, Facing Mount Kenya. Alishikilia kwamba machoni pa Mgikuyu kisu ndicho kiini cha elimu yote ya irua, hata ukikiondoa, elimu nayo imekufa. Na alisema hivyo hasa akiitetea tohara ya wasichana.

Je, ni kweli haviachani? Watazame Wayahudi. Sinagogi la Nairobi ni la jamii iliyoanza mwaka 1904, na hata Kasuku, ng'ambo ya milima ya Nyandarua ukitoka Nyeri, wapo Wakikuyu wachache washikao dini hiyo. Kwa sheria yao mtoto wa kiume hutahiriwa siku ya nane, kabla hajajua jina lake. Afikapo miaka 13 hakuna tena cha kukata. Lakini hapo ndipo ahesabiwapo mtu mzima, awezaye kuulizwa juu ya amri za Mungu. Kwa desturi huitwa mbele ya watu asome Torati katika gombo lililoandikwa bila alama za irabu, kwa mahadhi maalumu. Hawezi kubahatisha. Yampasa kujifunza kwa miezi mingi chini ya mwalimu, na kosa lake husikiwa na wote. Kumbe kisu na mafunzo vyaweza kutengana hata kwa miaka 13, na sherehe isipungue uzito.

Hilo halikufahamika mwaka 1929, wamisheni wa Kiskoti wa Tumutumu na kwingineko walipowataka Wakristo waikatae tohara ya wasichana, na kuthibitisha kwa sahihi au kwa alama ya kidole. Wengi waliyaacha makanisa, wakajenga shule zao wenyewe. Kuhusu jeraha la msichana wamisheni walisema kweli, na sheria ya Kenya ya mwaka 2011 inalikataza kabisa. Ila waliondoa kisu bila kuuliza ni nini kingine kingeondoka pamoja nacho. Upande wa Meru kosa lilirudiwa. Aprili 1956 baraza la wazee la Njuri Ncheke, likiungwa mkono na serikali, lilipiga marufuku tohara hiyo. Wasichana wakanunua nyembe, wakatahiriana porini bila wazee wala sherehe, wakaitwa Ngaitana, yaani "nitajitahiri mwenyewe." Katika miaka mitatu watu zaidi ya 2,400 walishtakiwa. Tazama jinsi amri ilivyofukuza mafunzo, na kisu kikabaki!

Jibu lilitoka miaka 40 baadaye, mahali pakavu chini ya mlima. Mwaka 1996, huko Gatunga katika Tharaka, akina mama wa chama cha Maendeleo ya Wanawake waliwakusanya wasichana wapatao 30 kwa idhini ya wazazi wao. Waliwaweka faraghani kama ilivyokuwa desturi, kila mmoja na mama wa kumsimamia. Wakafunzwa kuhusu mwili wao, afya, heshima na madhara ya tohara. Jambo hilo waliliita Ntanira na Mugambo, maana yake, tohara kwa maneno. Siku ya kutoka, kijiji kilikusanyika kuwapokea kwa nyimbo na zawadi, kama wapokewavyo waliotoka jandoni, wala hapana aliyekuwa na kidonda.